Umeingia kozi ya filamu hapa Mombasa? Soma hii kabla yuniti ya historia na nadharia haijakutoa jasho

Kila Septemba lazima nipate meseji za aina moja. "Kaka, nimejiunga na ile kozi ya filamu, mambo ya kamera yako sawa, lakini kuna hii yuniti ya historia na nadharia, hii ni ya nini sasa?" Na mimi kila mwaka nakaa narekodi voisnoti ya dakika kumi na mbili, mwakani narudia palepale. Safari hii naandika yote mara moja, akiniuliza mtu namtumia hii, khalas.

Nianze kwa kujianika. Insha yangu ya kwanza ya hiyo yuniti nilipata 34. Kati ya mia. Na nilikuwa najiona bingwa manake muvi nimeziangalia tangu sijajua kusoma, kwa babu yangu Majengo kulikuwa na deki na kanda za Kihindi kabati zima, steringi nawajua wote, maadui nawajua wote. Nikaandika kurasa sita, nikahadithia filamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikamalizia na "filamu hii ni nzuri sana na inafunza mengi". Lekchara akarudisha karatasi na sentensi moja ya wino mwekundu: umenihadithia filamu ambayo nishaiona. Nilikasirika, nikapanda matatu ya Bombolulu nimenuna njia nzima. Lakini alikuwa na haki, na karibu yote yaliyo hapa chini yametoka kwa ile sentensi yake.

Hatua ya 1: jua umeingia kwenye kitu gani

Hii yuniti haikufundishi kushika kamera. Pia haikuulizi kama filamu uliipenda. Historia inauliza kitu hiki kilitokea lini, wapi na kwa nini kilitokea hapo na si kwengine. Nadharia inauliza picha zinafanyaje kazi kichwani kwa mtu na kwenye jamii. Ukichanganya hayo mawili utaandika insha ya historia kwenye swali la nadharia, na hilo ni kosa la watu wengi sana, wengi kuliko wasiosoma kabisa.

Halafu kitu kimoja nakuomba ukishike kuliko vyote: andika ulichokiona kabla hujasema maana yake. Ukishaandika ulichokiona na ulichokisikia, maana inakuja yenyewe. Ukianza na maana, utabaki na maneno makubwa, "upweke", "ukandamizaji", "matumaini", na lekchara atakuuliza wapi? dakika gani? utakodoa macho.

Hatua ya 2: angalia filamu mara tatu, na mara ya tatu usiangalie filamu nzima

Mara ya kwanza angalia kama mtu wa kawaida. Usisimamishe, usiandike, weka simu mbali, ukitaka kulia lia.

Mara ya pili zima sauti. Najua inachosha, lakini fanya hata nusu saa. Sauti ikizimwa ndio unaanza kuona kumbe kamera ilikuwa iko chini, kumbe huyu bwana kila akiongea amesimama na yule bibi amekaa, kumbe dirisha linaonekana sini zote isipokuwa moja.

Mara ya tatu chagua dakika tatu tu. Chukua daftari lako la Kasuku, piga mistari, weka nafasi ya namba ya shoti (yaani kipande kimoja cha picha kabla hakijakatwa kwenda chengine), sekunde zake, kinachoonekana, kamera iko wapi, na kinachosikika. Kisha nenda shoti moja moja, unasimamisha unaandika. Dakika tatu zitakula saa nzima, wakati mwengine saa na nusu, na hiyo saa ndiyo itakayokupa maksi, sio zile filamu ishirini ulizoziangalia usiku mmoja ukasahau zote.

Nikupe mfano nilioufanya mwenyewe. La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya 1966. Msichana anaitwa Diouana, anatoka Dakar kwenda Ufaransa, mji wa Antibes, kufanya kazi kwa wazungu aliokuwa akiwaangalilia watoto kule Dakar. Alidhani anakwenda kulea watoto na kuona nchi, kufika huko anapikishwa, anafulishwa, hatoki nje. Sasa mimi siku tuliyoonyeshwa, klasi ilinyamaza kwa namna ambayo sijaiona kwa filamu nyingine yoyote. Manake nani hapa Pwani hana binamu au jirani aliyekwenda Saudia kufanya kazi za ndani, paspoti ikashikwa, na simu ikawa ya kupigwa kwa kujificha chooni? Msichana mmoja nyuma yangu alitoka nje kabla haijaisha.

Kwa hiyo rahisi ni kuandika "filamu inaonyesha mateso ya wafanyakazi wa ndani". Kweli, lakini hiyo hata mtu aliyesoma nyuma ya kasha la DVD angeandika. Angalia kile kinyago. Diouana anawapa waajiri wake zawadi ya kinyago. Kule Dakar kinawekwa pamoja na vinyago vingine, ni kitu kati ya vitu. Antibes kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu. Filamu ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna rangi ya kukupoteza, kuna doa jeusi na ukuta mweupe basi, na kila mara Diouana naye anasimama mbele ya kuta hizohizo. Mwisho kabisa, Diouana ameshakufa, yule bwana anarudi Dakar na vitu vya marehemu, mtoto mdogo anakivaa kile kinyago usoni na kumfuata nyuma, bwana anakaza mwendo, anageuka, anaingia garini. Hakuna aliyemtishia. Ni mtoto tu na kinyago.

Halafu sikiliza. Kwa mdomo Diouana hasemi karibu kitu, ndiyo bwana, ndiyo bibi. Lakini sauti yake ya ndani haikomi, inauliza, inalalamika, inakumbuka. Na ile sauti si ya Mbissine Thérèse Diop unayemwona kwenye fremu, ni ya mwanamke mwengine, Toto Bissainthe wa Haiti, na inaongea Kifaransa. Hapo tayari una swali la insha: mbona mtu ambaye ndani ana maneno mengi hivi, nje hana, na hata ya ndani yako kwa lugha ya mwajiri? Swali hili halikutoka kwa kitabu, lilitoka kwa daftari, safu ya "kinachosikika".

Hatua ya 3: tengeneza ukuta wa miaka

Mimi nilibandika karatasi za manila ukutani chumbani, mama akalalamika rangi itabanduka, na kweli ilibanduka. Lakini sikusahau tena tarehe hata moja. Siri ni hii: kila mwaka uandike na sababu yake, mwaka bila sababu ni namba ya simu ya mtu usiyemjua.

Mwanzo: 28 Desemba 1895, Grand Café mjini Paris, ndugu wawili Lumière wanaonyesha filamu kumi kwa watu waliolipa kiingilio, kila moja chini ya dakika. Hapo kuna mtego wa mtihani. Ile filamu ya treni ikiingia steshini ya La Ciotat haikuwemo siku hiyo, ilionyeshwa 1896. Na hadithi ya watu kukimbia wakidhani treni itawagonga, wanahistoria wengi wanaiona ni ya kutiwa chumvi, kwa hiyo usiiandike kama jambo la yakini. Ujanja wangu wa kukumbuka: 1896 ndio mwaka reli ilianza kujengwa kutoka hapa Mombasa kwenda bara. Treni kule ukutani, treni hapa Kilindini.

1902 Georges Méliès anapeleka watu mwezini ndani ya filamu, manake yeye alikuwa mwanamazingaombwe na kamera aliiona ni sanduku jengine la mazingaombwe. 1915 D. W. Griffith na Birth of a Nation, filamu ambayo kiufundi ilikusanya mbinu nyingi pamoja na kimawazo ni sumu, inawatukuza Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani, na lekchara yeyote mzuri atataka uyaseme yote mawili kwa pumzi moja. 1925 Eisenstein, mkurugenzi wa Urusi, na Battleship Potemkin, sababu yake utaiona Hatua ya 4. 1927 filamu yenye maongezi kwa mara ya kwanza inatikisa Hollywood, na kwa muda kamera ikawa mfungwa, manake ilipiga kelele, ikafungiwa ndani ya kibanda ili maikrofoni isiisikie.

Italia, 1945 mpaka 1948 hivi. Studio kubwa ya Roma imepigwa mabomu kisha imejaa wakimbizi, pesa hakuna, kwa hiyo watu wakatoka na kamera barabarani. Ladri di biciclette, ya 1948, baba anatafuta baiskeli iliyoibiwa, na huyo baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani sio mwigizaji. Ufaransa, 1959 na kuendelea, vijana waliokuwa waandishi wa jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa 1951, wanaacha kuandika wanashika kamera, na kamera zenyewe zimekuwa nyepesi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Silabasi nyingi zinakwenda Paris, Moscow, Berlin, Hollywood, Roma, Paris tena, kisha wiki ya kumi na mbili ndio "sinema ya dunia", yaani sisi wengine wote tumesukumwa kwa lekcha moja ya saa mbili. Ukuta wako usiwe hivyo. Weka India mapema: 1913 Phalke na Raja Harishchandra, 1931 Alam Ara yenye sauti na nyimbo, 1951 Awaara. Kwa mtu wa Mombasa hii ni historia ya nyumbani. Babu yangu hakumjua Griffith lakini Raj Kapoor, steringi wa Awaara, alimjua mpaka mwendo wake. Na marehemu Juma Bhalo, tarabu zake ngapi zimekaa juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi na maneno ni Kimvita kitupu? Ukitaka mada ya pepa ya mwisho ambayo hakuna mtu kwa klasi atakuwa nayo, hiyo hapo, na mashahidi wake bado wako hai Mji wa Kale, nenda kawahoji kabla hawajaondoka.

Afrika weka 1934. Mwaka huo kulitoka amri ya Laval, ya serikali ya Ufaransa, kwamba kwenye makoloni yake huwezi kupiga filamu bila ruhusa. Ukijua hiyo ndio unaelewa kwa nini Sembène anakuja na Borom Sarret mwaka 1963 tu, sio kabla. Na Sembène mwenyewe kabla ya hapo alikuwa kuli wa bandarini kule Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, akaona watu wake wengi hawasomi Kifaransa, ndio akaenda Moscow kusomea filamu akiwa mtu mzima wa miaka karibu arobaini. Mtu wa Kilindini hahitaji kuelezwa hii mara mbili.

Upande wetu wa Waingereza kulikuwa na Colonial Film Unit, kuanzia 1939. Bosi wake William Sellers alikuwa na nadharia, ndio, nadharia, kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye shoti za harakaharaka, kwa hiyo apigiwe filamu polepole, shoti ndefu, hakuna ujanja. Filamu za kunawa mikono na kulima vizuri, zinazungushwa na gari, na pembeni kuna mtu ameshika maikrofoni anawaeleza watu kwa lugha yao. Na wakati huohuo watu wa mjini wanalipa kiingilio wanaangalia Hollywood na Bombay na kufuata kila kitu bila shida yoyote. Nadharia zina siasa ndani yake, ukitaka ushahidi huo mmoja unatosha.

Na yule mtu wa maikrofoni, tusimwache apite. Japani zama za filamu bila sauti kulikuwa na watu wakiitwa benshi, wanasimama kando ya skrini wanasimulia, wanaigiza sauti zote, na walipendwa mpaka watu walikuwa wanaenda kumsikiliza benshi fulani sio kuangalia filamu fulani. Walidumu mpaka miaka ya 1930. Sasa niambie, hiyo si DJ Afro? Si Lufufu wa Tanzania? Tulikuwa tunakaa kwenye vibanda vya video Kisauni, muvi ya Kichina, na mtu anakutafsiria kwa Kiswahili na kuongeza matusi yake na majina ya mitaa yetu, na muvi ilikuwa tamu zaidi kuliko bila yeye. Niliandika hiyo kwa mtihani wa pili nikapata 71. Sikuitoa kwa intaneti, niliitoa Kisauni.

Za Kenya weka hata chache: Kolormask ya Sao Gamba 1986, Saikati ya Anne Mungai 1992, Nairobi Half Life 2012, Rafiki ya Wanuri Kahiu 2018, iliyokwenda Cannes huku hapa nyumbani imepigwa marufuku, mpaka mahakama kuu ikairuhusu siku saba Septemba hiyo. Ukiulizwa swali la udhibiti, hiyo ndiyo kesi yako. Na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar, manake ni raha kuchambua filamu ambayo huhitaji kusoma maandishi ya chini.

Hatua ya 4: nadharia, uliza huyu anagombana na nani

Hapa ndipo watu wanapoacha kozi. Unapewa makala ya kurasa kumi na tano, sentensi moja ina mistari minane, unasoma mara tatu hujui hata ni kuhusu filamu ama ni kuhusu dawa za hospitali.

Usianze mstari wa kwanza ukaenda mpaka wa mwisho. Soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha uliza swali moja: huyu mtu anagombana na nani? Kila nadharia ni ugomvi. Ukijua mgomvi mwengine ni nani, makala yote inafunguka kama kopo la maziwa.

Chukua Eisenstein na Bazin. Eisenstein anasema maana inazaliwa pale shoti mbili zinapogongana. Kwenye Battleship Potemkin ana simba watatu wa mawe, mmoja amelala, mmoja ameinua kichwa, mmoja anainuka. Ni sanamu tatu tofauti, hazikutikisika hata kidogo, lakini ukiziunga harakaharaka unaona jiwe limeamka kwa hasira. Bazin, Mfaransa, anasema wacha kunikatakata ulimwengu, nionyeshe uzima wake nichague mwenyewe pa kuangalia. Angependa ile sini ya Citizen Kane, 1941, mama yuko mezani anatia saini karatasi za kumtoa mtoto wake, na nyuma kabisa dirishani, mbali, mtoto mwenyewe anacheza kwenye theluji hajui kitu. Shoti moja. Ingekatwa, mkurugenzi angekuamulia umhurumie nani na saa ngapi. Haikukatwa, macho yako yanahangaika baina ya meza na dirisha. Simba na dirisha, ukizikumbuka hizo mbili umebeba wiki tatu za lekcha.

Truffaut, mmoja wa wale vijana wa Cahiers, 1954 anagombana na filamu za Kifaransa za wazee, za kitabu kikubwa na nguo nzuri, anasema mtunzi wa filamu ni mkurugenzi. Solanas na Getino wa Ajentina 1969 wanagombana na wote, Hollywood ni sinema ya kwanza, hao kina mtunzi wa Ulaya ni ya pili, sisi twataka ya tatu, ya ukombozi. Laura Mulvey 1975 anagombana na lile jicho la kamera ambalo ni la mwanamume hata kama klasi nusu ni wanawake. Huyu watu wanamwogopa kwa sababu ya mambo ya Freud, yule wa saikolojia, aliyoyajaza, lakini ujaribu hivi: chukua wimbo mmoja wa filamu ya Kihindi, ule wa binti anacheza na wanaume wamezunguka, hesabu shoti za yeye kuangaliwa na shoti za yeye kuangalia. Kwenye wimbo niliouhesabu mimi ilikuwa 41 kwa 3. Dada yangu alikuwa amekaa pembeni akasema, "kwani ulikuwa hujui?"

Kubaliana nao au kataa, ni hiari yako. Mimi Bazin namkubali robo tatu tu. Lakini ukikataa lete filamu ya kukataa nayo.

Hatua ya 5: fanya jaribio la Kuleshov na simu yako

Baada ya mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov kule Urusi alichukua uso wa mwigizaji Mosjoukine, hauonyeshi chochote, akauunganisha na picha ya supu, kisha na maiti kwenye jeneza, kisha na mtoto anacheza. Inasimuliwa watu wakamsifu mwigizaji, ona njaa ile, ona huzuni ile, ona mapenzi yale, na uso ni uleule mmoja.

Unaweza kusoma hiyo mara mia. Sisi tulifanya. Mzee mmoja wa kahawa pale karibu na Makadara tulimwomba ruhusa, tukampiga klozapu sekunde nane, tukamwambia asifanye chochote, akasema "mimi siku zote sifanyi chochote". Tukapiga sahani ya mahamri na mbaazi. Tukapiga tusi, lile la kubebea maiti, likiwa tupu limeegemezwa ukutani msikitini, kwa ruhusa pia. Tukapiga mjukuu wa rafiki yetu anakimbiza paka. Tukaunganisha kwenye simu, video tatu za sekunde kumi na tano kila moja, tukaonyesha watu tofauti nyumbani, kila mtu moja tu. Shangazi aliyeona ya tusi alisema maskini huyu mzee amefiwa na mkewe. Mke. Hatukuweka mke popote! Ndio ujue nusu ya filamu iko kwa anayeangalia.

Dakika ishirini za kazi, na mtihani ukija utaliandika swali hilo kama mtu aliyekuwepo.

Kupata filamu, bando na stima

Duka la kuwekewa muvi kwa flashi halitakuwa na Potemkin, usisumbuke, nilishauliza, jamaa akanipa filamu ya meli nyingine kabisa. Filamu za kale nyingi zimetoka kwenye hakimiliki na ziko bure kwenye Internet Archive na YouTube, lakini angalia kopi, nyingine zimekatwa na nyingine zimewekwa muziki wa ajabu juu yake. Jambo la maana ni kushirikiana. Tulikuwa watano, mmoja anapakua usiku bando likiwa rahisi, tunaangalia Jumamosi kwa mwenye televisheni kubwa Tudor. Stima ikipotea tunajadili gizani, na wallahi mijadala mizuri ilikuwa ile ya gizani. Mwaka wangu chuo kilikuwa na projekta moja yenye alama ya kijani katikati, kwa hiyo Diouana wote tulimwona na doa kwenye bega, usitegemee ya chuo.

Hatua ya 6: insha yenyewe

Andika kwanza kwa Kiswahili. Hata kama insha ni ya Kingereza. Ulichokiona kiandike kwa lugha unayoiota, ndipo uvuke. Mimi nilipokuwa naanza moja kwa moja na Kingereza nilikuwa naazima sentensi za vitabu bila kujua, na lekchara anazijua zote.

Kuhadithia filamu, mistari mitatu, basi. Kisha hoja yako kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kukupinga. "Sembène anakemea ukoloni" hakuna atakayepinga, kwa hiyo si hoja. "Kile kinyago ndicho mhusika pekee kwenye filamu anayefanikiwa kurudi nyumbani" hiyo mtu atakaa wima, atasema ebu nione. Kila aya iwe na kitu ulichokiona, wapi kilipo, kisha ndio nadharia, na nadharia moja inatosha, ukileta Bazin na Mulvey na Solanas kwa insha ya kurasa tano ni harusi ya wageni mia na sufuria moja ya pilau.

Ukinukuu sema umetoa wapi. Mimi nilikuwa naandika ukurasa palepale ninapokopi, manake ukisema nitatafuta baadaye, baadaye ni saa nane usiku na kitabu kiko kwa mtu Likoni.

Mtihani sina mengi. Swali likisema "linganisha" usieleze moja kisha nyingine, yaende pamoja. Tarehe usiyo na uhakika nayo andika muongo. Na uwe na filamu nne unazozijua mpaka shoti, sio arobaini za majina, mimi zangu zilikuwa La Noire de..., Potemkin, Ladri di biciclette na Awaara, na sijawahi kukutana na swali lililozikataa zote.

Kuprinti fanya Alhamisi. Dedlaini zetu zilikuwa Ijumaa saa nane mchana, na jamaa wa fotokopi pale nje ya geti alikuwa anafunga saa sita na nusu kwenda msikitini, anarudi akishakula. Nilijifunza hiyo nikiwa nimesimama mlangoni kwake na flashi mkononi, mimi na wengine saba.